Langmuir na Kaboni ya Mjomba

Mjomba wangu pale Bugarama anachenjua marudio. Mwaka juzi kaboni yake ilishiba mapema, yeye akaendelea kuzungusha maji ya sayanidi akidhani dhahabu bado inanasa. Kumbe inapita tu. Hasara ile ilimeza ada yangu ya muhula. Ndiyo maana mwalimu wa kemia alipomtaja Irving Langmuir, mimi niliacha kusinzia.

Alizaliwa Brooklyn, Marekani, mwaka 1881. Alisomea uhandisi wa metali katika shule ya madini ya Columbia, akamaliza 1903, yaani mtu wa fani yetu kabisa. Udaktari aliupata Göttingen, Ujerumani, 1906. Akafundisha kidogo, halafu 1909 akaingia maabara ya General Electric mjini Schenectady, na hakutoka huko mpaka 1950.

Kazi yenyewe ilikuwa taa. Balbu za wakati ule ziliingia weusi ndani, na wengi waliamini dawa ni kuzidi kuondoa hewa. Yeye akaingiza gesi makusudi, na waya wa tungsteni ukapungua kuyeyuka hewani. Katika kuhangaika huko aliona molekuli za haidrojeni zikigusa waya wa moto zinapasuka kuwa atomi, na atomi hizo zinaganda kwenye kioo.

Hapo akaanza kujiuliza gesi inakaaje juu ya kitu kigumu. Jibu lake la 1918 ni rahisi: uso una nafasi zenye idadi, kila nafasi mgeni mmoja, zikijaa basi. Siyo Haisi ya Kahama ambayo konda haishiwi nafasi.

Kisha akachunguza oksijeni na kaboni monoksidi juu ya platini. Alidhani oksijeni imekaa kwenye metali, halafu kaboni monoksidi inatoka hewani moja kwa moja, inaigonga, zinaondoka pamoja. Hapa alikosea. Miaka ya 1970 Gerhard Ertl na wenzake Ujerumani walionyesha kwamba zote mbili hukaa kwanza, ndipo zinakutana. Lakini hata kumsahihisha walitumia hesabu yake ya nafasi.

Nobeli ya kemia alipewa 1932. Uzeeni, kuanzia 1946, akahamia mambo ya kutengeneza mvua kwa kumwagia mawingu barafu kavu na kemikali, akadai makubwa kuliko ushahidi aliokuwa nao. Kwetu Shinyanga tungempokea kwa ngoma! Alifariki Woods Hole mwaka 1957.

Likizo iliyopita nilimchorea mjomba viti vya Langmuir chini kwa kijiti. Nikamweleza kuwa kwake ni maji, siyo gesi, ila suala la nafasi ni lile lile. Alicheka, akauliza atajuaje vimejaa wakati kaboni ni nyeusi mwanzo na mwisho. Swali zuri, jamani. Siku hizi anajaza chupa ya maji yanayotoka kwenye kaboni, anayapeleka yakapimwe dhahabu kabla ya kuzungusha tena.