Carl Akeley, mwindaji aliyezikwa Kabara

Tunapotaja Hifadhi ya Taifa ya Virunga, mara nyingi tunaanza na vita na walinzi waliouawa kazini. Mimi nitaanza na kaburi. Liko Kabara, kati ya milima Mikeno na Karisimbi, zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Aliyezikwa huko ni Mmarekani, Carl Akeley.

Alizaliwa mwaka 1864 katika jimbo la New York. Ufundi wake ulikuwa kuchukua ngozi za wanyama waliokufa na kuwaunda upya, wasimame katika makumbusho kama walio hai. Kwa kazi hiyo aliua wengi. Mwaka 1896, huko Somalia, alimuua chui kwa mikono mitupu; mwaka 1910, kwenye Mlima Kenya, tembo nusura amuue yeye.

Mwaka 1921 alipanda Mikeno. Huko mtu hupita katika mianzi iliyosongamana, matope na majani yanayowasha, kisha chini ya miti mikubwa ya hagenia. Msafara wake uliua gorila 5 kwa ajili ya makumbusho ya New York. Lakini kwa kamera aliyoibuni mwenyewe aliwapiga filamu gorila wengine wakiwa hai, na hapo moyo wake ukageuka. Mnyama aliyesifika kwa ukali alimwona mpole, tena wamebaki wachache. Akawasihi Wabelgiji wamlinde. Tarehe 21 Aprili 1925 hifadhi ikaundwa kwa amri ya Mfalme Albert, ikaitwa kwa jina lake.

Akeley alirudi mwaka 1926 pamoja na mkewe, Mary Jobe Akeley. Alipanda akiwa mgonjwa, akafa Kabara mwezi wa Novemba. Mkewe alimzika, akabaki kuimaliza kazi.

Kumsifu bila kipimo siwezi. Amri ile ilitoka kwa mkoloni, na wenyeji walifungiwa msitu bila kuulizwa. Wapagazi waliobeba mizigo yake hawana kaburi linalojulikana. Hata hivyo, bila mwindaji huyu kugeuka, sidhani kama leo tungekuta gorila kule juu.

Mwaka 1969 jina la mfalme liliondolewa, likaja Virunga, neno la watu wa milima hiyo lenye maana ya volkeno. Vijito na vijia navyo vina majina, na wazee wanaoyajua wanazidi kupungua. Kuyaandika ni kazi yetu sisi wa kitivo cha lugha.