Mfahamu D'Ascanio, aliyechukia pikipiki akaishia kuwa 'babu' wa bajaji

Dodoma. Ukipanda bajaji kutoka Majengo kwenda Area D au Kisasa, unaweza kudhani chombo hicho asili yake ni India. Jina ndiyo la huko, lakini mzizi wake uko Italia, kwa injinia ambaye pikipiki hakuzipenda hata kidogo: Corradino D'Ascanio.

Alizaliwa Februari 1, 1891 Popoli, mji mdogo wa milimani katika mkoa wa Abruzzo. Tangu utotoni akili yake ilikuwa kwenye kuruka. Akiwa na miaka 15 tu alishatengeneza chombo cha kuruka bila injini. Alihitimu uhandisi wa mitambo mjini Turin mwaka 1914, na Vita ya Kwanza ya Dunia ikampeleka kwenye kikosi cha anga.

Ndoto yake hasa ilikuwa helikopta. Akishirikiana na Pietro Trojani, alitengeneza mbili za kwanza bila mafanikio makubwa. Ya tatu ndiyo iliyomtoa. Oktoba 1930, kwenye uwanja wa Ciampino jirani na Roma, ilikaa hewani dakika 8 na sekunde 45, ikafika urefu wa mita 18 na kwenda umbali wa mita 1,078. Leo drone ya harusi inapita hapo bila shida, ila wakati ule hizo zilikuwa rekodi za dunia.

Rekodi hazikuleta hela. Kampuni yake ikafa, naye mwaka 1932 akaajiriwa Piaggio, kiwanda cha ndege, akawa anabuni mapanga yake.

Vita ya Pili ikaisha na kiwanda cha Pontedera kikiwa magofu kwa mabomu. Italia iliyoshindwa haikuruhusiwa kutengeneza ndege, na wafanyakazi walikuwa wanasubiri kazi. Bosi wake, Enrico Piaggio, akataka usafiri wa bei nafuu kwa watu wa kawaida. Sampuli ya kwanza hakuipenda, akamkabidhi D'Ascanio.

Hapo chuki yake ikageuka mtaji. Kero zake kwa pikipiki zilikuwa zilezile wanazozijua bodaboda: mnyororo unachafua suruali, pancha ni mateso, na kupanda lazima urushe mguu. Akaondoa mnyororo, akafunika injini, akaweka gia kwenye usukani na kuacha nafasi mbele ili hata mwenye sketi apande. Tairi la mbele alilishika kwa mkono wa upande mmoja, kama la ndege, kwa hiyo kulifungua ni kazi ya dakika chache.

Aprili 1946 hati ya ubunifu ikaombwa. Enrico alipokiona kiuno chembamba na kusikia mlio, akakifananisha na nyigu, yaani Vespa kwa Kiitaliano. Kufikia 1956 zilikuwa zimetengenezwa milioni 1. Zanzibar hadi leo jina hilo ni la kila skuta, haijalishi imetoka wapi.

Mwaka 1948 ikaja ya matairi matatu, Ape, yaani nyuki. Watu wa Manyoni na Singida wanaoishi na asali watakubali kwamba kwa kubeba mizigo jina hilo limekaa vizuri. Miaka ya 1960 kampuni ya Bajaj ya India ikaanza kutengeneza vyombo hivyo kwa leseni ya Piaggio, na leseni ilipokwisha ikaendelea yenyewe. Ndiyo hao waliotuletea bajaji.

Yeye mwenyewe hakufurahia sana kujulikana kwa skuta. Mwaka 1964, akiwa na miaka 73, umri ambao wengi wameshastaafu zamani, alihamia Agusta kubuni helikopta ndogo ya mafunzo. Haikuwahi kuingia sokoni. Alifariki Pisa Agosti 6, 1981, akiwa na miaka 90.