Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui: Kadhi, Mhariri na Mwanahistoria

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947) alizaliwa Mombasa katika ukoo wa wanazuoni, akasomea sheria ya Kiislamu huko na Unguja. Mbali na kufundisha, alianzisha magazeti mawili, Sahifa (1930) na Al-Islah (1932), ili hoja za wanazuoni ziwafikie wasomaji wa Kiswahili. Tangu 1937 hadi kufa kwake alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Hata hivyo, historia ya Wamazrui, waliotawala Mombasa hadi 1837, aliiandika kwa Kiarabu. Ilipochapishwa mwaka 1995 iliambatana na tafsiri ya Kiingereza. Hivyo, wengi wa wale aliowahutubia kwa Kiswahili magazetini hawakuweza kuisoma historia ya mji wao wenyewe.