Lodi Aliyewatetea Wafumaji

Mwishoni mwa karne ya 18 palizuka katika Ulaya fikira mpya iitwayo uromantiki. Washairi na wachoraji wake waliuweka moyo wa mtu juu ya kanuni za mabwana, wakatukuza bahari, milima, maasi na uhuru. Wako wasemao kwamba hizo zilikuwa ndoto za watu walioshiba. Neno hilo lina haki kidogo, bali halitoshi, na ushahidi wetu ni maisha ya George Gordon Byron.

Alizaliwa London tarehe 22 Januari, 1788, ana kilema cha mguu. Akiwa na miaka 10 alirithi ulodi, pamoja na jumba la Newstead katika jimbo la Nottinghamshire. Kilema hakikumzuia: mwaka 1810 aliuvuka mlango wa bahari wa Dardanelles kwa kuogelea.

Siku zile wafumaji wa soksi wa Nottinghamshire, ambao ujira wao ulikuwa umeshuka, walikuwa wakizivunja mashine za matajiri. Serikali ikaleta mswada wa kumnyonga kila avunjaye. Tarehe 27 Februari, 1812, Byron alisimama katika Baraza la Malodi, mara yake ya kwanza kuhutubu, akaeleza kwamba ni ufukara uliowasukuma watu wale, na kwamba kitanzi si dawa ya njaa. Sheria ikapita vivyo hivyo. Siku chache baadaye mashairi yake ya safari yakatoka, na wakubwa wa London wakamkumbatia. Twashuku kwamba sifa hizo zilimlegeza, maana barazani alihutubu mara 3 tu maishani mwake.

Mwaka 1814 kisa chake cha haramia mpweke, The Corsair, kiliuzwa nakala 10,000 siku ya kwanza. Wanunuzi hao walikuwa watu wa nafasi. Lakini Engels aliandika mwaka 1845 kwamba wasomaji wa Byron walikuwa hasa wafanya kazi. Hatustaajabu. Mtu ambaye saa zake zote ni mali ya mwingine hupenda kusoma habari za mtu asiyeinama.

Nyumbani hakuwa mfano mwema. Alioa mwaka 1815. Mwaka uliofuata mkewe akaondoka na mtoto mchanga, naye Byron akaihama Uingereza, asirudi tena akiwa hai.

Mwaka 1823 alikwenda Ugiriki, ambako watu walikuwa wameasi dola ya Kituruki tangu 1821. Huko mashairi hayakumfaa kitu. Alitoa pauni 4,000 zake mwenyewe ili merikebu za Wagiriki zipate kusafiri. Aliwalipa mishahara askari wapatao 500 wa Souli, wakadai zaidi na zaidi hata akawaachisha. Viongozi waligombana wao kwa wao. Katika Missolonghi, mji wa vinamasi na mvua, homa ikampata. Waganga wakamtoa damu tena na tena, akafa tarehe 19 Aprili, 1824, mwenye umri wa miaka 36, pasipo kupigana pigano hata moja.

Habari hiyo iliwaamsha watu wa Ulaya kuwasaidia Wagiriki. Manowari za Uingereza, Ufaransa na Urusi zilizoshinda Navarino mwaka 1827 zilikuwa na haja za serikali zao, twajua. Hata hivyo uhuru wa Ugiriki ulikubaliwa mwaka 1830.

Maiti yake ilirudishwa Uingereza. Kanisa la Westminster lilikataa kuipokea, likaja kumwekea jiwe la kumbukumbu mwaka 1969. Alizikwa Hucknall, kijiji cha Nottinghamshire, miongoni mwa wafumaji wa soksi.