MARY LEAKEY, MSOMAJI WA NYAYO

Kila aliyejenga nyumba hapa Tunduma anaijua taabu hii. Fundi amemaliza kupiga sakafu jioni, saruji ingali mbichi, na usiku kuku amekatiza. Asubuhi fundi anaghadhibika, lakini sakafu imekwisha kushika, na nyayo zitabaki pale mpaka nyumba ibomolewe. Baada ya miaka ishirini mgeni atakayeingia atajua kwamba kuku alipita, alitoka upande gani, na kwamba alipita kabla saruji haijakauka. Ila hatajua kuku alikuwa wa nani.

Mwezi huu tunasimulia maisha ya mama aliyesoma sakafu ya namna hiyo, hapa hapa Tanzania, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni tatu na nusu.

Mary Douglas Nicol alizaliwa London tarehe 6 Februari 1913. Baba yake alikuwa mchoraji, na mara kwa mara aliichukua familia yake Ufaransa, ambako Mary alionyeshwa mapango yenye michoro ya watu wa kale. Baba alifariki mwaka 1926, binti akiwa na miaka 13. Shule hakuelewana nazo. Alifukuzwa katika shule mbili za watawa, wala hakusomea shahada yoyote. Alichokuwa nacho ni jicho la kuona na mkono wa kuchora.

Kazi ya kuchora zana za mawe ndiyo iliyomkutanisha na Louis Leakey, mtoto wa Kanoni Harry Leakey, mmisionari wa CMS huko Kabete, Kenya, aliyeshughulika na kuitafsiri Biblia kwa Kikikuyu. Ndoa ya kwanza ya Louis ilivunjika, jambo lililozua maneno mengi, na mwaka 1936, mkesha wa Krismasi, yeye na Mary wakaoana. Mwaka uliotangulia Mary alikuwa amekwisha kuiona Olduvai kwa mara ya kwanza.

Mwaka 1951 alikuwa Kondoa, akinakili michoro ya miambani mstari kwa mstari. Tarehe 17 Julai 1959, huko Olduvai, Louis akiwa amelala kambini kwa homa, Mary alitoka na mbwa wake, akaona mfupa umechungulia udongoni. Lilikuwa fuvu lililopewa jina la Zinjanthropus, nalo liliitangaza Tanganyika ulimwenguni kote.

Louis alifariki mwaka 1972. Wengi walidhani mjane huyo angerudi nyuma. Kumbe kazi yake kubwa ilikuwa bado mbele.

Mwaka 1974 alianza kuchimba Laetoli, kusini mwa Olduvai. Miaka miwili baadaye wageni wake wataalamu walikuwa wakifanya mchezo wa kurushiana mavi makavu ya tembo. Mmoja wao, Andrew Hill, akikwepa, aliinamia chini akaona vishimo juu ya mwamba. Vilikuwa alama za matone ya mvua, na karibu yake nyayo za wanyama.

Mambo yalikwenda hivi. Mlima wa volkano ulitema majivu, yakatanda nchi. Mvua nyepesi ikanyesha, majivu yakawa kama saruji mbichi. Wanyama wakapita. Jua likakausha, majivu yakashika, na majivu mengine yakaja kufunika. Nyayo zikafungiwa humo kama barua ndani ya bahasha.

Kuzisoma barua za namna hiyo kulianza zamani. Mnamo mwaka 1828 huko Uingereza, Padre William Buckland wa Kanisa la Anglikana alitaka kujua ni mnyama gani aliyeacha alama katika mawe mekundu ya mchanga ya Uskoti. Alimtembeza kobe juu ya unga uliokandwa, kisha akalinganisha. Njia ya Mary ilikuwa ileile: soma kwanza nyayo za mnyama aliye hai, ndipo usome za aliyekufa. Kwa hiyo katika majivu yale zilitambuliwa nyayo za tembo, twiga, kifaru, sungura na kanga, na za farasi wa kale mwenye vidole vitatu, mtoto wake akiwa karibu.

Mwaka 1978 ukaonekana unyayo wa kisigino kama cha mtu. Walifukua kwa uangalifu mpaka mwaka 1979, zikapatikana nyayo zipatazo 70 katika njia ya karibu mita 27. Kisigino kimetua kwanza, kidole gumba kimelala sambamba na vingine, na hakuna alama ya mikono. Waliotembea pale walitembea kwa miguu miwili, wima, wakati ambapo zana za mawe hazikuwa zimejulikana huko. Unyayo mdogo haufiki sentimita 20, na kwa kuwa mguu ni kama sehemu moja kati ya sita au saba ya kimo, walikuwa watu wafupi. Mwingine alikanyaga ndani ya hatua za mwenzake aliyetangulia, na kwa hiyo haikuwa rahisi hata kuwahesabu.

Walikuwa baba, mama na mtoto? Wachoraji wengi wamewachora hivyo. Majivu hayasemi. Mary mwenyewe alijiruhusu kidogo tu: mahali fulani aliona kama mmoja wao amesita na kugeuka kushoto, akawazia kwamba alitazama hatari. Ni wazo zuri, lakini ni wazo.

Katika mambo mengine alikuwa mgumu kama jiwe. Mwaka 1978 wenzake waliyaunganisha mabaki ya Laetoli na yale ya Ethiopia chini ya jina moja jipya, nao walikuwa wameliandika jina lake pia kwenye makala yao. Yeye hakukubaliana nao, akadai jina lake liondolewe, likaondolewa. Alipoteza marafiki kwa ajili hiyo.

Kuna nyayo nyingine tano zilizoonekana mwaka 1976. Mary alidhani huenda ni za jamii ya watu, wengine wakasema ni za dubu, nazo zikaachwa. Mwaka 2019 zilifukuliwa upya, na mwaka 2021 wataalamu wakatangaza kwamba si za dubu, bali za kiumbe wa jamii ya watu aliyetembea kwa namna yake. Waliweza kuyasema hayo kwa sababu nyayo zilikuwa bado mahali pake.

Hilo ndilo la kushika. Mfupa unaweza kupelekwa makumbusho, lakini unyayo ukiubandua, umeukata katika safari yake. Mary alizifukia tena zile nyayo. Hata hivyo mbegu za migunga zilikuwamo katika udongo, zikaota, mizizi ikatishia kuziharibu, na ilibidi mwaka 1995 na 1996 zifukuliwe, zitunzwe na kufunikwa upya. Mary alifariki Nairobi tarehe 9 Desemba 1996, akiwa na miaka 83. Vyuo vikuu vikubwa, Oxford kikiwamo, vilikuwa vimempa shahada za heshima, yeye ambaye shule zilimfukuza.

Nasi wa Songwe tuna mawe yetu mekundu ya mchanga katika Bonde la Rukwa. Humo ilipatikana mifupa ya mnyama mkubwa ajabu, aliyepewa mwaka 2017 jina la Shingopana songwensis. Juu ya mifupa ile mna vitundu vya wadudu walioitoboa baada ya mnyama kufa. Wadudu hawapo, alama yao ipo. Basi kijana wako akirudi kutoka machungani akasema ameona alama ngeni juu ya jiwe, mwulize ni wapi, mwende pamoja mkaitazame, mtoe taarifa serikalini. Patasi ibaki nyumbani.