Richard St. Barbe Baker na Watu wa Miti: Maisha ya Mhifadhi Aliyeomba Badala ya Kuamuru

Jina la Richard St. Barbe Baker halisikiki sana katika kumbi zetu za mihadhara, ilhali chama alichokiasisi kilizaliwa katika ardhi ya Kiambu na kupewa jina la Kiswahili kabla ya kupata jina la Kiingereza. Makala haya yanasimulia maisha yake kwa muhtasari. Aidha, yanatafuta jibu la swali moja: vijana ambao dola ya kikoloni ilikuwa ikiwashurutisha kufanya kazi, walikubalije mnamo mwaka 1922 kuongeza kazi nyingine isiyokuwa na ujira wala shuruti?

Baker alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1889 katika kijiji cha West End, karibu na mji wa Southampton, kusini mwa Uingereza. Babake alikuwa na kitalu cha miti, na mtoto alijifunza kuatika miche tangu utotoni. Alipokuwa kijana alihamia Kanada, akawa miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo wa Chuo Kikuu cha Saskatchewan. Huko alifanya pia kazi ya kukata magogo. Mambo mawili yalimkera: jinsi wakataji walivyoacha mbao nyingi zikiozea msituni, na jinsi upepo ulivyopeperusha udongo wa mbuga zilizolimwa baada ya vichaka vyake kufyekwa. Vita Vikuu vya Kwanza vilimkuta amerejea Uingereza. Alipigana na kujeruhiwa, na baada ya vita akasomea misitu katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka 1920 akaja Kenya kuwa msaidizi wa mhifadhi wa misitu.

Nchi aliyoikuta ilikuwa na majeraha. Ardhi nzuri ya Kiambu ilikuwa imetwaliwa na walowezi, na wenyeji wakasukumwa katika maeneo finyu yaliyotengwa. Hapo kale Wagikuyu walilima kwa kuhama. Walifyeka sehemu ya msitu, wakailima kwa misimu kadhaa, kisha wakaiacha ipumzike na kuota tena. Miti mingine, hasa mugumo, ilihifadhiwa kwa heshima ya ibada. Mpango huo ulihitaji nafasi. Nafasi ilipokwisha, mapumziko ya ardhi nayo yakaisha. Watawala walipenda kumlaumu mkulima Mwafrika kwa kuharibu misitu, huku garimoshi za reli ya Uganda zikiendeshwa kwa kuni na mashamba ya walowezi yakizidi kupanuka. Ni haki kukumbuka kwamba Baker mwenyewe alikuwa mtumishi wa serikali hiyo hiyo, na idara yake ilikuwa na sheria za kumzuia mwenyeji kuingia katika msitu ambao hapo awali ulikuwa wake.

Hali ya kazi ilikuwa mbaya zaidi. Mwaka 1919 Gavana Edward Northey alitoa waraka uliowataka maafisa na machifu kuhimiza wanaume waende kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, na maana ya kuhimiza ikawa wazi kwa kila aliyekumbana na askari wa chifu. Kipande kikaanza kuning'inia shingoni mwa wanaume watu wazima. Harry Thuku alipoongoza upinzani dhidi ya mambo hayo alikamatwa mnamo Machi 1922, na tarehe 16 mwezi huo polisi wakaufyatulia risasi umati uliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe. Watu zaidi ya 20 waliuawa, Muthoni Nyanjiru akiwa miongoni mwao.

Miezi minne tu baada ya damu hiyo kumwagika, Baker alitaka miti ipandwe. Bajeti ya idara yake haikutosha, na miche iliyokuwa kitaluni ilihitaji mikono mingi. Njia ya kawaida ya wakati huo ingekuwa kumwagiza chifu alete watu. Baker alikataa njia hiyo. Alikwenda kuzungumza na wazee. Wazee walimweleza kwamba kupanda miti ni shughuli ya Mungu: miti mikubwa huangusha mbegu, na mbegu huota zenyewe. Naye aliwajibu kwa hoja kwamba ukikata miti yote, hakuna mzazi anayebaki wa kuangusha mbegu.

Katika mazungumzo hayo alitambua jambo ambalo maafisa wenzake hawakulitilia maanani. Wagikuyu walikuwa na ngoma kwa karibu kila tukio zito, zikiwemo za kupanda na za kuvuna, lakini hawakuwa na ngoma ya miti. Basi yeye na Josiah Njonjo, aliyekuja kuwa chifu mashuhuri na ambaye ni babake Charles Njonjo, Mwanasheria Mkuu wa kwanza wa Kenya huru, wakaandaa ngoma hiyo. Zawadi zikatangazwa: fahali aliyenona kwa kijana aliyejipamba vyema kuliko wote, na mkufu wa shanga kwa msichana mrembo zaidi.

Siku ya ngoma ilikuwa tarehe 22 Julai 1922, na mahali palikuwa Muguga. Kwa maelezo ya Baker mwenyewe, vijana wapatao 3,000 walihudhuria. Aliwaeleza kuhusu ardhi iliyokuwa ikichakaa, kisha akaomba watu wa kujitolea. Kati ya waliojitokeza, 50 walichaguliwa wawe wa kwanza. Waliahidi mbele ya Ngai kuulinda msitu wa asili, kupanda miti kumi kila mwaka na kuitunza miti popote walipo. Walikubaliana pia kutenda jambo jema kila siku. Walivaa alama ya rangi ya kijani na nyeupe mkononi, na neno lao la kutambuana lilikuwa twahamwe, yaani tuko pamoja. Wakaitwa Watu wa Miti.

Hapa ndipo jibu la swali letu linapopatikana. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Vijana hawa hawakuitwa kuchimba mashimo katika shamba la mlowezi ambaye mavuno yake wasingeyaonja. Waliitwa na ngoma yao, mbele ya wazee wao, wakaapa kwa Mungu wao, na miche waliyoitunza ilikuwa mierezi na mizeituni ya mwitu waliyoijua kwa majina ya mama zao. Kipande kilimtambulisha mtu kwa mwajiri. Alama ya kijani na nyeupe ilimtambulisha kwa wenzake. Kazi ya mikono huenda ilifanana, yaani kuinama, kuchimba, kumwagilia na kupalilia, lakini mtu aliyeombwa na mtu aliyeamriwa hawainami kwa moyo mmoja. Jambo la kusikitisha ni kwamba historia imehifadhi jina la Baker na la Njonjo, huku wengi wa wale 50 wakibaki bila majina vitabuni, ilhali wao ndio walioshika majembe.

Mwaka 1924 Baker alikuwa London, ambako alihutubia mkutano kuhusu dini za himaya ya Uingereza na kueleza imani za Wagikuyu. Katika mkutano huo alikutana na mafundisho ya Kibahai, akayafuata hadi kufa kwake. Mwaka huo huo alianzisha tawi la chama chake nchini Uingereza, na jina likatafsiriwa kwa Kiingereza kuwa Men of the Trees. Baadaye alifanya kazi ya misitu nchini Nigeria. Inasimuliwa kwamba alipoteza kazi katika utumishi wa kikoloni baada ya kujiingiza kati na kupokea yeye pigo ambalo afisa mwenzake alimkusudia Mwafrika.

Akiwa huru na ajira, alizunguka dunia. Mwaka 1929 alikuwa Palestina akiwaleta pamoja viongozi wa dini zinazohasimiana ili wapande miti. Huko California alishiriki kampeni ya kuiokoa miti mirefu ya redwood. Kati ya mwaka 1952 na 1953 aliongoza msafara wa magari kuvuka Sahara hadi Afrika Mashariki, akichunguza jinsi jangwa linavyoweza kurudishwa nyuma kwa miti. Mwaka 1963, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 70, alizunguka New Zealand akiwa juu ya farasi, akizungumza na watoto wa shule. Katika uzee wake alikwenda pia India kuwaunga mkono wanavijiji wa Chipko waliokuwa wakiikumbatia miti isikatwe.

Tarehe 5 Juni 1982, Siku ya Mazingira Duniani, alipanda mti wake wa mwisho katika Chuo Kikuu cha Saskatchewan. Alifariki siku nne baadaye mjini Saskatoon, akiwa na umri wa miaka 92.

Mji huo una msitu wa zaidi ya ekari 300 unaoitwa kwa jina lake, uliopandwa mwaka 1972. Kwa miaka mingi baadhi ya wakazi waliugeuza jalala. Walioanza kuurejesha hawakuwa askari wala vibarua, bali majirani waliojiunga pamoja kwa hiari, wakazoa takataka na kutunza vijia ambavyo watu wa mji hupita. Nchini kwetu, Muguga pamekuwa makao makuu ya Taasisi ya Utafiti wa Misitu, KEFRI.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, jina lenyewe lina somo. Tafsiri ya Kiingereza iliwataja wanaume peke yao, na baadaye chama kikabadilisha jina kuwa International Tree Foundation. Neno watu halikuwa na kasoro hiyo. Lilimkaribisha mwanamke na mwanamume, mzee na mtoto. Tena, kihusishi kimewekwa kwa namna ya kutafakarisha. Hatukuambiwa miti ya watu, kana kwamba msitu ni mali ya kugawana. Tuliambiwa watu wa miti: miti ndiyo yenye watu, na watu ndio wanaowajibika kwayo. Anayeokota taka katika bustani ya mtaa wake bila kuambiwa na mtu anastahili jina hilo.