Sheikh Al-Amin Mazrui: Kalamu Iliyozua Maneno

Ramadhan hii ukikaa darsani, ustadhi akakufafanulia aya kwa Kiswahili, unaona ni jambo la kawaida tu, sivyo? Basi jua kwamba kuna waliolihangaikia. Hebu tumkumbuke mmoja wao, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Allah amrehemu.

Alizaliwa Mombasa mwaka 1891, katika ukoo uliowahi kuutawala mji huo. Baba yake, naye mwanachuoni, alifariki yeye akiwa bado mdogo sana, akalelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Sulaiman bin Ali Mazrui. Kisha akavuka bahari hadi Unguja kusoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir. Pia alifuatilia jarida la Al-Manar kutoka Misri, lililowahimiza Waislamu waamke.

Zama hizo vitabu vingi vya dini vilikuwa vya Kiarabu. Mtu wa kawaida alisikiliza, akaitikia amin, akarudi nyumbani. Huku nyuma wamisionari walikuwa wakichapisha kwa Kiswahili. Hata tafsiri ya Qur'ani iliyotoka mwaka 1923 ilikuwa kazi ya padri, Godfrey Dale. Fikiria hapo, ndugu yangu!

Sheikh hakukaa kulalamika. Mwaka 1930 alianza kutoa Sahifa, karatasi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mwaka 1932 akatoa gazeti la Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu.

Humo hakumung'unya maneno. Aliwakosoa wanaomaliza mali kwa harusi na matanga, wanaoiga ulevi wa wageni, na wanaoshikilia mambo yasiyo na asili katika dini. Akataka vijana wasome elimu ya dini na ya dunia pia, na wasichana nao wasomeshwe. Unadhani alipigiwa makofi? Wapi! Wengi walimwona anavunja mila za wazee. Hakurudi nyuma.

Wala hakuishia kwenye karatasi. Alisomesha watu, akawa Kadhi wa Mombasa, na kuanzia 1937 Kadhi Mkuu wa Kenya. Mwaka 1944 makala zake zilikusanywa katika kitabu, Uwongozi. Alifariki 1947, tafsiri yake ya Qur'ani haijakamilika.

Lakini mbegu ilishaota. Sheikh Muhammad Kasim Mazrui na Sheikh Abdallah Saleh Farsy, waliofuata njia yake, wote walikuja kuwa Makadhi Wakuu. Mwaka 1969 tafsiri kamili ya Sheikh Farsy ikatoka. Na mwanawe, Profesa Ali Mazrui (1933–2014), aliandika riwaya mwaka 1971, kisha akahutubia dunia nzima, naye pia akizua mjadala kila aendako.

Sasa tujiulize sisi wa Sindo. Nyumbani tunaongea Dholuo, Waislamu tu wachache, na majirani wanatuuliza: mbona mnafunga? Tutawajibu kwa Kiarabu tusichokielewa, ama tutanyamaza? Sheikh alituonyesha njia: soma mpaka uelewe, kisha mweleze mwenzako kwa lugha anayoijua, hata kama kuna watakaonuna. Ukitoka darsani leo, usiende na ulichosikia ukakifungia kifuani. Mfikishie mama jikoni, mfikishie na rafiki pale ufuoni.

Allah amlaze mahali pema, na azikubali funga zetu. Amin.